Mheshimiwa Mjumbe, Nani Alikulazimisha?

"Shukrani ya punda ni mateke." Hilo ndilo jibu alilolitoa mwenyekiti wa bodi ya kituo kimoja cha sanaa cha hapa Dar es Salaam, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, baada ya mama mmoja, mzazi wa mtoto anayejifunza marimba pale, kuuliza kwa adabu zote mbona hesabu za mwaka uliopita hazijasomwa. Hesabu ziko wapi, hakusema. Alivua miwani, akaiweka juu ya faili, akatukumbusha kwamba yeye na wenzake hawalipwi hata senti, kwamba wanaacha biashara na familia zao kuja kututumikia, na kwamba kama hatulioni hilo basi tutafute wengine. Ukumbi ukapiga makofi. Yule mama akakaa, akavuta mtandio wake, akainamisha kichwa kama aliyekutwa anaiba.

Jibu lilinikera, lakini makofi yalinikera zaidi. Maana mwenyekiti alisema kile ambacho wengi wetu tunakiamini: anayejitolea haulizwi. Utaikuta imani hii kwenye vikundi vya ngoma, kwenye kwaya, kwenye vituo vya michoro vya mitaani, hata kwenye kamati za harusi. Mtu akishatamka "najitolea", basi. Asipokuja kikaoni, ana majukumu. Akija amechelewa, tumshukuru kwa kuja. Akikaa na risiti za kituo nyumbani kwake mwaka mzima, anayeziulizia ndiye mkosefu.

Haya, na tumtafute huyo punda.

Kituo hicho kina mwalimu wa ngoma, mtu mzima, ambaye nauli yake haijatoka tangu mkataba wa mfadhili ulipoisha. Hufika mchana kabla ya watoto kutoka shule. Hukusanya maboksi na makaratasi uani, akawasha moto mdogo, akaanza kuzisogeza ngoma motoni moja moja ili ngozi zikaze. Huigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha tena motoni kidogo, akagonga tena. Mojawapo imefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, kwa sababu kamba zake zilikatika na ombi la kununua nyingine liko kwa mweka hazina, na mweka hazina yuko safarini. Huyu naye anajitolea. Na huyu anaulizwa kila siku: wazazi wanamuuliza kwa nini mtoto wao hachezi mstari wa mbele, mratibu anamuuliza daftari la mahudhurio, siku ya maonyesho anaulizwa kwa nini ngoma imerefuka na mgeni rasmi ana haraka. Anajibu yote. Sijapata kumsikia akitaja punda.

Sasa mjumbe wa bodi. Katiba ya kituo inasema vikao vinne kwa mwaka; akidi ikitimia, vinafanyika viwili. Kuna chai, sambusa na maji ya chupa, na kuna bahasha ndogo iitwayo nauli, ambayo hupewa hata anayeishi nyuma ya ukuta wa kituo. (Hawalipwi hata senti, kumbuka.) Muhtasari wa kikao chao kimoja nimeusoma. Kufungua kikao. Kuthibitisha muhtasari uliopita. Yatokanayo. Taarifa ya mratibu. Mengineyo. Chini ya mengineyo, baada ya mjadala mrefu kuhusu rangi ya fulana za maadhimisho, kuna mstari mmoja: malipo ya walimu yaangaliwe kikao kijacho. Kikao kijacho akidi haikutimia.

Kwa hiyo wanaojitolea pale ni wengi, ila mmoja tu hajitaji. Mwingine anajitaja kila anaposhika kipaza sauti, na hicho kipaza sauti kimekodiwa kwa fedha ambazo hataki tuziulize.

Na sheria ya nchi haimjui mtu wa kuonewa haya. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka shirika lililosajiliwa litoe kila mwaka taarifa ya shughuli zake na hesabu zilizokaguliwa. Nimetafuta ndani yake mahali panaposema "isipokuwa wajumbe wakiwa wanajitolea". Sikupaona. Jambo lenyewe halihitaji hata wakili. Shirika lisilogawana faida halina mwenye hisa wa kulibana. Aliyewekwa pale alibane ni bodi. Bodi ikikataa kuulizwa, hakuna aliyebaki wa kuuliza. Hiyo ndiyo kazi waliyoikubali siku walipotia sahihi, na walitia sahihi kwa hiari. Nani alikulazimisha, mheshimiwa?

Nimeambiwa: "Mkiwabana hivyo, nani atakubali kuingia bodi?" Hoja hii huletwa kwa sauti ya huzuni kana kwamba tunatishiwa njaa. Jamani! Mtu ambaye atakimbia kwa sababu ameombwa kusoma karatasi mbili za hesabu mbele ya wazazi, mwache akimbie, msindikizeni mpaka kituo cha daladala. Kiti chake kikae wazi. Kiti kilicho wazi hakihitaji sambusa, na hakizuii swali la mtu.

Wengine wanasema, mwenyekiti ana jina, jina lake linaleta wafadhili. Basi tuonyesheni mlichopata kwa jina hilo, mkiandike kwenye hesabu, upande wa mapato.

Sanaa ya pwani hii haikuanzishwa na majina ya meza kuu. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab ya Unguja, ilianzishwa mwaka 1905 na wapenzi wa muziki, na mpaka leo ipo. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, waliobaki na brashi walikuwa wanafunzi wake na jamaa zake, wakiuza picha kando ya barabara kule Oysterbay. Mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikasajiliwa. Ushirika, ndugu zangu. Mwanachama akitaka kuuliza fedha, anauliza kama mwenye mali. Pale kwenye kituo chetu msanii akiuliza fedha anaambiwa hana nidhamu.

Na wapo waliokwama kifedha wakasema. Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara halikufanyika Zanzibar kwa kukosa fedha, na waandaaji walitangaza mapema, sababu wakaitaja. Mwaka uliofuata likarudi. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kile kilichokuwa katika jumba la forodha la zamani pale Mji Mkongwe, kilipoona mwaka 2019 kinaweza kufungwa, kilijitokeza kuomba msaada mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Sisi kwenye vituo vyetu vidogo tunagundua hali mbaya siku fundi wa shirika la umeme anapokuja kukata.

Kwa kuwa nimeshachokoza, niseme na hili la mgeni rasmi. Kila onyesho la watoto ni lazima awepo, na ni lazima achelewe. Watoto wamepakwa chaki na rangi usoni tangu saa saba, jua linawayeyusha, ngozi za ngoma zimelegea tena, mwalimu anatafuta maboksi mengine ya kuchoma. Gari linaingia saa kumi. Kisha inasomwa risala, kisha mwenyekiti anasimama na kusema itifaki imezingatiwa, kisha anaizingatia upya, jina kwa jina, kwa dakika ishirini. Watoto wanapewa dakika kumi. Mwisho wanaambiwa wajitolee kucheza pia kwenye sherehe ya kampuni ya rafiki yake mwenyekiti, bila malipo, wapate "kujitangaza". Mpishi wa sherehe hiyo hakuambiwa ajitangaze kwa pilau. Mwenye turubai naye alilipwa, nusu mapema.

Kinachonishangaza ni jinsi sisi tunaokatazwa kuuliza tunavyokuwa wa kwanza kulinda katazo hilo. Baada ya mkutano ule nilimsikia jirani yangu akimwambia yule mama, "Dada, wale ni watu wazima, wanajitolea tu." Mwenyewe analipa ada ya watoto wawili pale. Ada ile hailipi kwa kujitolea. Asipolipa, mtoto anarudishwa getini.

Sina ugomvi na mtu anayetoa muda wake. Wapo wajumbe, nawajua wawili watatu, wanaokuja na mahesabu yamechapwa, wanaosoma mkataba wa pango kabla ya kutia sahihi, wanaojua jina la mwalimu wa ngoma na nauli anayodai. Hao wakiulizwa hawapandishi sauti, kwa sababu jibu wanalo mfukoni. Nimegundua kwamba wanaotukumbusha sana kuwa wanajitolea ni wale ambao hawana cha kutukumbusha kingine.

Mkutano mkuu ujao wa kituo kile uko karibu. Wazazi, yule mama akisimama tena, simameni naye. Ombeni hesabu zilizokaguliwa, ziwe kwenye karatasi, kila mtu apate yake. Ulizeni mwalimu wa ngoma anadai kiasi gani na analipwa lini. Mwenyekiti akianza habari za punda, msipige makofi. Na akirudia kusema tutafute wengine, itikieni kwa sauti moja kwamba tumekubali, halafu katibu aandike hilo kwenye muhtasari, tena lisiwekwe chini ya mengineyo.