Mwombe Akuoneshe Nyayo Zake

Kama una mzazi, shangazi au jirani mwenye kisukari, nina ombi dogo: leo jioni mwombe akuoneshe nyayo zake.

Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Panya anaguguna, mwenye mguu haamki. Neva zilishakufa ganzi. Wengine huungua kwa maji ya moto, au hushinda na msumari ndani ya kiatu wasijue.

Tumezoea kuilaumu sukari, na lawama inastahili. Ila watafiti wa Zurich, Uswisi, akiwemo Thorsten Hornemann, wanamshuku na mwenzake: mafuta yenye sumu kwa neva, yaitwayo deoksisfingolipidi. Mwili wenyewe ndio unaoyatengeneza. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuunganisha mafuta na asidi amino iitwayo serini, ili kupata mali ya kujengea kuta za seli. Pengine hudaka alanini badala ya serini, na kinachotoka hapo mwili hauwezi kukivunja kwa njia yake ya kawaida. Kinalundikana. Mafuta hayohayo ndiyo yanayohusishwa na ugonjwa mmoja adimu wa kurithi unaoharibu neva. Mwaka 2010 yaliripotiwa kuzidi katika damu ya wenye kisukari aina ya pili. Baadaye yakaonekana kuzidi hata kwa watu waliokuja kuugua miaka kadhaa mbele.

Panya wa maabara wenye kisukari walipolishwa serini, sumu ilipungua na neva zikapata nafuu. Hao ni panya. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa serini kuwa ni dawa ya ganzi, mwache apite, na dawa za hospitali zisiachwe.

Kinachotuhusu sasa ni kwamba neva zinaweza kuanza kuharibika kabla mtu hajaambiwa ana sukari. Basi miguu ipimwe siku ileile ya majibu, isisubiri kidonda. Kipimo ni uzi mgumu wa nailoni unaogusishwa kwenye unyayo huku mgonjwa amefumba macho. Hakiumi, na dakika chache zinatosha. Wauguzi wetu, najua foleni ni ndefu, lakini tafadhali mwambieni mgonjwa avue viatu. Nawe mgonjwa, usione haya kuvivua kabla hujaambiwa.

Nyumbani, anayetawadha ana nafasi ya kukagua miguu mara kadhaa kwa siku: apitishe macho katikati ya vidole, si maji tu. Mzee asiyeona vizuri aangaliwe na mjukuu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, na malengelenge yasitumbuliwe. Mkiona jeraha, hata kama haliumi, hasa kama haliumi, mpelekeni kliniki kesho asubuhi.