Kiganja kimoja chashinda busu

Watazamaji wakiipenda filamu ya mapenzi husema waigizaji "wameendana", kana kwamba ni bahati tu ya sura mbili nzuri kukutanishwa. Kwa filamu zinazotokana na riwaya za zamani, sifa hiyo haitoshi. Humo mvuto hauletwi na kukumbatiana, bali na ustadi wa kuonyesha hisia ambayo mhusika anapambana kuificha. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kazi ya mwigizaji ni kukizuia kikohozi hicho kwa dhati, ili siku kikimponyoka, sote tukisikie.

Tuchukue "Pride & Prejudice" ya mwaka 2005, ambayo Joe Wright aliiongoza kutokana na riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa mwaka 1813. Elizabeth Bennet (Keira Knightley) anaondoka jumba la Netherfield, alikokwenda kumuuguza dada yake. Darcy (Matthew Macfadyen), ambaye hadi hapo tumemjua kwa majivuno, anamshika mkono kumsaidia kupanda gari la farasi. Hawasemezani. Darcy anageuka kwenda zake, na kamera inakifuata kiganja chake: vidole vinatanuka ghafla, kama vya mtu aliyegusa chungu cha moto, kisha vinalegea. Ni sekunde chache tu. Lakini katika tabaka lao enzi zile, ambako vijana wasiochumbiana walikutana mbele ya macho ya watu, ngozi kugusa ngozi ni jambo zito. Macfadyen hamwigizi mtu anayependa. Anamwigiza mtu aliyesalitiwa na mwili wake mwenyewe.

Yupo atakayesema sifa hiyo ni ya mwongozaji na mpiga picha. Ni kweli, bila kamera tusingekiona kiganja kile. Ila kamera huokota kilichopo. Kama Macfadyen asingekuwa ameshamjenga Darcy mkavu, mwenye mwili uliokakamaa na maneno ya kuhesabu, vidole vile vingekuwa vidole tu.

Wapenzi wa tamthilia ya BBC ya mwaka 1995, iliyotokana na riwaya hiyohiyo, wana pingamizi zito zaidi: kwamba Darcy wa Macfadyen ni mwenye haya kuliko mwenye kiburi, na kwamba Colin Firth, Darcy wa tamthilia hiyo, ndiye aliyemtendea haki Austen. Kuhusu kiburi, wana hoja. Hata hivyo, tamthilia ile ilikuwa na sehemu sita za kukilainisha kiburi hicho polepole; filamu ya saa mbili na ushei haipati nafasi ndefu namna hiyo, hivyo lazima ufa uonekane mapema. Tena Firth mwenyewe anakumbukwa kwa nini? Kwa jicho analomtupia Elizabeth pale Pemberley, nyumbani kwa Darcy, dada yake Darcy akipiga piano, bila kutamka neno. Naye alishinda kwa kujizuia.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye filamu ya Wright yenyewe. Watazamaji wa Marekani walipewa mwisho wenye busu. Wa Uingereza waliishia kwa baba yake Elizabeth kutoa ridhaa. Busu lile halikuongeza kitu ambacho kiganja hakikuwa kimeshasema. Basi waandaaji wanaosaka wawili watakaoendana wasianze na sura. Wawape onyesho lisilo na neno hata moja, waone kama wanaweza kunyamaza wakaeleweka.