Ndege wa Ziwa Albert si mambo ya wazungu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane, kuna wageni wanaofika Kasenyi na Tchomia bila kusimama kwenye bariera hata moja. Ni vitwitwi, ndege wadogo wa miguu mirefu wanaotembea kwenye matope ya Ziwa Albert wakitafuta wadudu. Wametoka Ulaya na Urusi, wamevuka jangwa la Sahara. Mwezi wa tatu au wa nne wanarudi kutaga kwao. Kuna mmoja anayetikisatikisa mkia bila kupumzika. Huyo wavuvi wanamjua vizuri.

Lakini zungumza habari hii hapa Bunia, karibu kilometa 60 tu kutoka ziwani, na jibu ni moja: kuangalia ndege ni mambo ya wazungu. Mimi sikubali.

Angalieni ng'ambo. Mwaka 2006 Uganda iliandikisha Murchison Falls pamoja na sehemu Nile inapoingia Ziwa Albert kwenye orodha ya Ramsar, mapatano ya dunia ya kulinda mabwawa na fukwe za namna hiyo. Upande wa kusini, Ntoroko, watu wa mitumbwi wanabeba wageni kumtafuta yule ndege mkubwa wa rangi ya majivu, mwenye mdomo kama kiatu. Pesa inalala Uganda. Ziwa ni moja, na ndege hajui mpaka.

Na sisi? Kongo iliingia Ramsar mwaka 1996. Leo ina sehemu nne kwenye orodha: mikoko ya Muanda, Virunga, Ngiri-Tumba-Maindombe na Lufira. Ziwa Albert la upande wetu halimo. Kinshasa ililikumbuka ziwa hili Julai 2022, ilipotangaza mnada wa vipande 27 vya petroli, vinne vikiwa katika bonde la Albert. Mnada ulifutwa Oktoba 2024, ila tumeelewa: wakubwa wanaangalia chini ya maji tu.

Najua nitakayoambiwa. «Watu wanakufa Djugu, wewe unatuletea habari za ndege?» Vifo hivyo ni mimi ninayevisoma kwenye mikro, sihitaji kukumbushwa. Vita ni sababu ya kutomwita mtalii wa Paris leo. Si sababu ya kuacha matete yachomwe na nyavu za matundu madogo zikombe hata watoto wa samaki. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na askari wako ukingoni. Kukosa mtu wa kusema «kipande hiki kisiguswe» hakutokani na risasi.

Wavuvi nao wana woga wao, na hapo mimi niko upande wao. Kwetu, serikali ikisema «kulinda», mara nyingi anakuja mtu mwenye bunduki na faini isiyo na risiti. Wengi wao maji yalishawafukuza nyumbani ziwa lilipopanda 2020. Hawatakubali kufukuzwa tena kwa ajili ya ndege. Kwa hiyo, hifadhi ya kuchorwa ofisini na kufungiwa wenyeji, nitaipinga wa kwanza.

Ninachodai ni kidogo: bwawa moja, lililokubaliwa na wavuvi pamoja na machifu wa pale. Lisichomwe, lisivuliwe samaki wakati wa kuzaa. Lakini liwe wazi kutembelewa, waongozaji wawe vijana wa hapo hapo ufukweni, na malipo yawe ya franga, si ya dola, ili mwalimu wa Bunia aweze kupeleka darasa lake siku usalama wa barabara utakaporuhusu. Watoto wetu wanajua okapi kwa picha tu, na Epulu iko Ituri hii hii!

Vitwitwi watarudi mwezi wa nane. Idara ya mazingira ya jimbo ina muda wa kushuka Kasenyi, kuketi na wavuvi, kisha kuja kututajia ni bwawa gani. Mikro iko wazi.