Bwawa Limekwisha, Mto Rufiji Bado

Mgeni anayepita kwa boti kati ya viboko na mamba huiona Rufiji kama mto wa pori tupu. Picha hiyo si ya kweli, na imewagharimu sana wenyeji.

Pori la Selous, ambalo mto hulipitia, lilitengenezwa. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha wakulima wa upande wa Liwale kwa hoja ya malale, vijiji vikageuka msitu na hifadhi ikapanuka. Kabla ya hapo nchi hii ilijaa watu: mwaka 1905 walikuwa wakimiminika Ngarambe kwa mganga Kinjikitile Ngwale kuchukua dawa ya maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Wakoloni hao walimnyonga Mohoro, Agosti mwaka huohuo.

Maji yenyewe ya mto hutoka mbali. Mto Kilombero huleta karibu theluthi mbili, ukakutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli. Ruaha Mkuu huingia juu kidogo ya Korongo la Stiegler. Mto huo wa tatu, tangu miaka ya 1990, hukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, hasa kwa sababu ya umwagiliaji wa Usangu. Chini ya korongo bonde hutanuka, kisha hufuata delta yenye msitu mkubwa wa mikoko, ikitazamana na kisiwa cha Mafia.

Katika bonde hilo mafuriko ndiyo mbolea. Maji ya masika yakipungua, Warufiji hupanda mlau: mahindi na mazao mengine kwenye udongo wenye unyevu, bila kungoja mvua nyingine. Mafuriko hayohayo hujaza maziwa ya pembeni ambamo samaki huzaliana, na hupeleka tope kwenye mikoko wanakokulia kamba. Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 iliwahamishia watu kwenye miinuko, wasalimike na maji. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, wakiishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kwa sababu chakula kilikuwa huko.

Leo korongo limezibwa na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Kamati ya Urithi wa Dunia ililipinga. Mimi naiunga mkono serikali katika jambo moja: nchi ilihitaji umeme huu, na ukuta hautabomolewa. Swali lililobaki ni nani anapanga maji ya chini ya ukuta, na kwa faida ya nani.

Mitambo hupenda maji ya kiasi kilekile mwaka mzima, lakini mlau na kamba huhitaji maji yapande na kushuka kwa msimu. Bwawa likiendeshwa kwa umeme peke yake, mkulima hukosa mafuriko madogo yanayomlisha, huku yale makubwa yakibaki kumtishia. Aprili 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko. Wapo waliolaumu bwawa, serikali ikalaumu mvua na kusema bwawa lilipunguza madhara. Ubishi wa namna hii hauishi kwa hotuba. Unaisha kwa takwimu za kila siku za maji yanayoingia na yanayotoka, zikisomwa redioni na kubandikwa ofisi za vijiji.

Kuna hasara ambayo hata ratiba nzuri ya kufungulia maji haiwezi kuifidia: tope linalotua nyuma ya ukuta halitafika deltani, na ufukwe wa mikoko utadai deni hilo polepole. Ndiyo maana kile kinachowezekana kisicheleweshwe.

Shirika la umeme TANESCO na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji wakae na wakulima wa mlau na wavuvi wa delta kabla ya kila masika, wakubaliane lini milango ifunguliwe, kwa kiasi gani, na onyo litolewe siku ngapi kabla. Umeme utakaopotea kwa mafuriko hayo ya kupangwa uhesabiwe kuwa gharama halali ya bwawa, kama saruji na nondo zilivyohesabiwa.