Picha Tisa Katika Picha Moja



Siku hizi karibu kila mwenye simu ya kisasa anao uwezo ambao zamani ulikuwa wa mwenye studio peke yake: kuchukua picha kadhaa na kuzifanya kuwa moja. Programu za kazi hiyo hupatikana bure, na mtoto wa shule huzitumia bila kufundishwa. Arusi, ubatizo na msiba huturudia vikiwa vimepangwa katika visanduku vinne, sita au tisa. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Hata picha ya marehemu babu inapowekwa kando ya wajukuu asiowahi kuwaona, hakuna anayedanganywa, kwani kila mtu nyumbani anajua babu alizikwa lini.

Wasiwasi wetu huanza pale picha hizo zinapotoka sebuleni na kupelekwa mbele ya baraza la ardhi.

Mjane mmoja alitujia na simu mkononi. Masale ya mpaka wa kihamba chake yalikuwa yameng'olewa usiku, naye asubuhi yake alipiga picha tisa: mashimo, udongo uliofukuliwa, migomba iliyokatwa. Mwanawe, kwa nia njema kabisa, aliziunganisha zote kuwa picha moja ili asimalize kifurushi cha intaneti, akawatumia ndugu walioko mjini kwa WhatsApp, kisha akafuta zile za awali kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Kilichotufikia sisi ni madirisha tisa madogo yaliyozungukwa na maua ya rangi, urembo ambao programu huuweka yenyewe. Tulipolikuza dirisha moja, shimo la sale halikutofautiana na kivuli cha mgomba. Upande wa pili ulikuwa na swali moja tu: ipi kati ya hizi ilipigwa katika shamba gani, na siku gani?

Swali hilo ni la haki, ingawa lilituuma. Picha ikitoka katika kamera ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa, na mara nyingine hata mahali. Programu inapounganisha picha tisa haizifungi pamoja kama karatasi katika jalada. Huchora picha mpya, na tarehe ya picha hiyo mpya kwa kawaida ni ile ya kuunganishwa. Nafasi iliyokuwa ya picha moja hugawanywa kwa tisa. WhatsApp nayo huibana tena, na yale maelezo ya ndani hupotea njiani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii nchini Tanzania, lakini katika kifungu cha 18 inataka izingatiwe jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa. Kwa picha ya mjane huyu majibu yote matatu yalikuwa mabaya, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kusema uongo.

Uunganishaji wa visanduku, hata hivyo, una unyofu wake: mistari inaonekana. Upo mwingine unaoificha mishono. Mwaka 1950 huko Maryland, Marekani, wapinzani wa Seneta Millard Tydings walisambaza gazeti la kampeni lenye picha iliyounganishwa, ikimwonyesha kana kwamba anazungumza ana kwa ana na Earl Browder, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kikomunisti. Maelezo ya picha yalikiri kwamba imeunganishwa. Nani alisoma maelezo? Tydings alishindwa katika uchaguzi huo. Mwaka 2003 mpiga picha wa Los Angeles Times aliunganisha picha mbili za askari wa Uingereza na raia karibu na Basra, Iraki, ili apate moja iliyo nzuri zaidi. Baadhi ya watu walionekana mara mbili katika picha ileile, na hapo ndipo siri ilipofichuka. Alifukuzwa kazi. Kazi iliyohitaji mtaalamu wakati ule, leo simu huimaliza kwa sekunde chache, wala haimrudii mtu mara mbili.

Nasi hatuna budi kukiri sehemu yetu. Tumekuwa tukiwaomba wajumbe wa vijijini watuletee taarifa zenye picha zilizopangwa vizuri katika ukurasa mmoja, kwa kuwa wino ni ghali. Tumewafundisha kosa lile lile. Kuanzia sasa twaomba picha moja moja, jinsi zilivyotoka katika kamera, zikitumwa kama faili na si kama picha ya kawaida, au ziletwe katika kadi ya kumbukumbu. Atakayetaka kuzipanga kwa ajili ya barua na azipange, maadamu za awali zipo na tarehe imeandikwa chini ya kila kisanduku. Maua yaachwe.

Mama yule tulimwuliza kama kuna masale yoyote yaliyosalia mpakani. Alisema mawili, upande wa mfereji. Tulimwomba arudi siku ile ile ayapige picha kabla ya mvua, na ile simu asimpe mwanawe kwanza.