Kijana wa Bongwe na Kazi ya Utangazaji

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wazee waliosema maneno haya hawakuijua redio, lakini hapana watu yanaowahusu zaidi kuliko watangazaji. Mtu ajikwaaye ulimi barazani husikiwa na watu kumi. Ajikwaaye mbele ya mikrofoni husikiwa na nchi nzima.

Katika Bongwe, na vijiji vya jirani tangu Tiwi hata Msambweni, wako vijana waliomaliza masomo na ambao wanaitamani kazi hiyo. Kijana huandika barua kwa kituo cha Mombasa, huitwa kwenda kuulizwa maswali, kisha hurudi mikono mitupu. Mara nyingi sauti yake haikuwa na ila yo yote. Kilichomwangusha ni kwenda bila ya kujitayarisha.

Jambo la kwanza ni kukijua kituo chenyewe. Yafaa kijana asikilize vipindi vyake kwa muda wa wiki nzima, asubuhi na jioni, akiandika katika daftari majina yake, saa zake na namna ya watu wanaolengwa. Kituo cha serikali, cha biashara na cha jamii havifanyi kazi kwa namna moja. Ajue pia asili ya kazi anayoiomba: kwamba matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka 1928, na televisheni mwaka 1962, kwamba mwaka 1964 shirika la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Amjue Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, aliyeanzisha kipindi cha “Je, Huu ni Uungwana?” mwaka 1966 na kukiendesha kwa miaka mingi. Alipofariki mwezi wa Februari 2025, waliomlilia walikuwa watu wa kila kabila, kwa kuwa alisema Kiswahili ambacho mkulima na karani walikielewa sawasawa.

Jambo la pili ni kusoma kwa sauti. Karibu kila kituo humpa mwombaji karatasi ambayo hajapata kuiona, akaambiwa aisome kama habari. Basi kijana na achukue gazeti kila siku, asome ukurasa mmoja mbele ya mtu wa nyumbani mwake, na amwulize amesikia nini. Ikiwa mama yake hakuelewa, msikilizaji wa mbali hataelewa. Ajizoeze hasa tarakimu na majina ya mahali, maana hapo ndipo wengi hukwama. Atenge wazi dh na z, th na s, r na l. Apumue penye nukta, wala asikimbie. Asione haya kwa kuwa ni Mdigo. Ajuaye Kidigo na Kiswahili safi ana mali mbili, na viko vipindi vya pwani vinavyomtafuta mtu wa namna hiyo.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Huenda mwenye kuuliza maswali akasema hivi: “Uko peke yako studio. Mtu anapiga simu akisema kivuko kimezama Likoni na watu wengi wamekufa. Utafanya nini?” Kijana mwenye pupa hujibu kwamba atatangaza mara moja ili kituo chake kiwe cha kwanza. Jibu hilo humharibia kazi, na ni haki yake.

Watu wa Kwale wanajua kwa nini. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka, na watu 272 wakapoteza maisha. Hata leo, kila asubuhi, baba au mtoto wa mtu fulani yuko kivukoni akienda kazini. Habari moja ya uwongo hewani yaweza kuwatoa watu mashambani wakikimbilia Likoni, na mwenye moyo dhaifu aweza kuanguka njiani. Kijana mwenye busara hujibu kwamba atamwuliza mpiga simu yuko wapi na ameona nini kwa macho yake. Atawapigia wasimamizi wa kivuko na polisi. Atamwarifu mhariri wake. Na habari ikithibitika atasema yale yaliyojulikana tu, bila kutaja jina la maiti kabla jamaa zake hawajaambiwa.

Yaliyobaki ni mepesi. Vyeti na kitambulisho vipangwe katika bahasha moja usiku wa kuamkia siku hiyo. Nguo ziwe safi na za heshima. Kwa televisheni, mistari myembamba huchezacheza katika kamera, basi rangi moja ni bora. Atoke Bongwe alfajiri, kwa maana foleni ya Likoni haimngoji mtu. Akiulizwa kwa Kiingereza ajibu kwa Kiingereza, na akiulizwa kwa Kiswahili asichanganye ili aonekane msomi. Asilolijua aseme halijui. Na mtu ye yote atakayemdai fedha ili ampatie kazi, huyo ni mwizi. Nazi za baba yake zisiuzwe kwa ajili yake.

Mkulima wa Bongwe hufungua redio kabla ya masika ili ajue apande lini. Humwamini asemaye ingawa hamwoni uso. Kijana anayekwenda Mombasa kuomba kazi hiyo anakwenda kuomba imani ya mkulima huyo, na imani ikivunjwa mara moja hairudi upesi.