Mali ya Dola na Mali ya Tajiri: Tuyatazame ya Kilosa na Mikumi

Vijana wetu wakirudi likizo hawakosi mashindano ya barazani, na mojawapo ya yale wayapendayo sana ni hili: ujamaa na ubepari, upi ulio bora? Mmoja huitaja Urusi, mwenziwe humjibu kwa Marekani, na usiku hupita. Sisi hatuwakatazi, maana kijana asiyeuliza habari ya mali ataulizwa na mali yenyewe siku moja. Lakini twaona ajabu kwamba wasafiri mbali hivyo kutafuta mifano, hali mifano imelala karibu. Mwenye kutaka kuiona mifumo hii miwili ikipokezana juu ya ardhi moja, na aende Kilosa, kisha ashike njia ya kusini mpaka Mikumi.

Maana ya maneno haya si ngumu. Katika ubepari, ardhi, mashine na fedha ni milki ya watu binafsi, nao huzitumia kwa kutafuta faida. Katika ujamaa, njia kubwa za kuzalisha mali huwa za umma, na mara nyingi umma huo husimamiwa na Serikali. Hayo yatosha, tuyaone kwa macho.

Tuanze na mkonge. Mmea huu uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na reli ya kati ilipopenya Kilosa kuelekea Tabora, iliyofikiwa mwaka 1912, mashamba yalienea kandokando yake, Kimamba na Rudewa. Wenye mashamba walikuwa Wazungu na Wahindi. Wenye kukata walikuwa manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha siku 30. Kipande kisipokwisha, mshahara haupatikani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000, ikawa ya kwanza duniani. Huo ulikuwa ubepari, na haifai kukana kwamba ulizalisha. Wala haifai kukana kwamba mtu aliyekata mkonge miaka ishirini aliweza kurudi kwao hana hata eka moja katika nchi aliyoitajirisha.

Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Mabenki yalitaifishwa siku zile zile, na kabla mwaka haujaisha Serikali ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Walakini mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima haukufikia tani 30,000. Korona zilinyamaza, reli ndogo za mashambani zikafukiwa na majani.

Hapa twawaomba vijana wawe waadilifu. Mpenda ubepari husema: mwaona, Serikali haiwezi kulima! Lakini bei ya mkonge ilikwisha anza kuanguka kabla ya Azimio, kwa sababu kamba za plastiki ziliingia sokoni, na kamba hizo hazikumwogopa mwenye shamba wa rangi yo yote. Mpenda ujamaa naye hushika hilo la plastiki peke yake, akasahau kwamba meneja aliyewekwa kwa barua kutoka Dar es Salaam hakupoteza senti yake mwenyewe shamba lilipoingia magugu. Sababu zote mbili ni za kweli. Na ubinafsishaji ulipokuja haukuwa dawa: baadhi ya walionunua mashamba ya Kilosa waliyaacha pori, wakasubiri thamani ya ardhi ipande. Wakulima wakaingia kulima, wafugaji wakaingia kuchunga, na watu wa wilaya hii wanajua ugomvi huo ulivyofika. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38. Hatuwezi kusema vita vile vililetwa na hati za mashamba tu. Lakini ardhi nzuri iliyofungwa kwa hati huku majirani wakibanana pembeni ni kuni kavu, iwe mwenye hati ni shirika la umma au ni tajiri.

Vijiji vya ujamaa tutavipita upesi, kwa kuwa wazee wa kila nyumba wanayo habari yake. Mwanzoni, katika miaka ya 1960, mtu aliingia kijijini kwa hiari. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mamilioni wakahamishwa. Jambo moja tu twataka likumbukwe: ule umoja wa wanavijiji wa Ruvuma, ulioanza kwa hiari ya wenyewe na kushika ujamaa kwa kweli, ulivunjwa na chama mwaka 1969, na vyama vya ushirika vya nchi nzima vikavunjwa mwaka 1976. Basi asidhani mtu kwamba yote yaliyofanywa kwa jina la ujamaa yalikuwa ya jamaa.

Reli nayo ina hadithi iliyokwenda kinyume. Mwaka 2007 reli ya kati ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua hisa asilimia 51. Ikiwa mtu binafsi siku zote hushinda Serikali, treni zingalifanikiwa. Hazikufanikiwa, wafanyakazi waligoma, na mafuriko ya mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa njia hapo Kilosa, safari zikasimama miezi kadhaa. Mwaka 2011 Serikali iliirudisha mikononi mwake. Na reli mpya ya kisasa ipitayo Kilosa kwa mahandaki, ambayo abiria walianza kuipanda hadi Dodoma mwaka 2024, ni mali ya Serikali iliyojengwa na kampuni ya Kituruki kwa malipo. Twambie, ndugu kijana, huo ni ujamaa au ni ubepari?

Sasa tufike kwenye miwa, maana hapa ndipo riziki za jamaa nyingi zilipo leo. Kampuni ya sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, ikaingia mikononi mwa Serikali, na mwaka 1998 ikauzwa: asilimia 75 kwa wenye mtaji wa nje, wakiongozwa na Illovo, na Serikali ikabakiwa na 25. Kabla ya kuuzwa ilitoa sukari isiyofika tani 30,000 kwa mwaka. Katika miaka ya 2010 ilipita 120,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka kwa wakulima wa nje, watu wa Ruhembe na vijiji vya jirani, kusini ya Mikumi, wenye eka mbili au tatu. Nyumba za bati na karo za shule zimetoka humo, nasi twalisema bila kinyongo.

Lakini muwa ukishakatwa hauwezi kungoja. Sukari yake hupungua kila siku. Na mnunuzi ni mmoja. Mkulima hulipwa kwa uzito wa miwa na kwa kiasi cha sukari kilichopimwa ndani yake, na kipimo hicho hufanywa kiwandani. Malalamiko ya wakulima hayakuwa juu ya neno ubepari, bali juu ya nani asimamaye karibu na mizani na chupa za maabara. Waislamu tunayo sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin. Haikuuliza kwanza kama mpunjaji ni dola au ni mfanyabiashara. Hatusemi kwamba mtu fulani amepunja. Twasema kwamba asiyeona kipimo hawezi kutulia moyo.

Sukari hiyo hiyo, mvua zilipozidi mwanzoni mwa 2024, ilipita shilingi 4,000 kwa kilo madukani, na mwaka ule ule Serikali ikaupa wakala wake wa hifadhi ya chakula ruhusa ya kuagiza kutoka nje. Wenye viwanda walinung'unika. Akina mama waliokuwa wakichemsha chai hatukuwasikia wakinung'unika.

Kwa jamaa walioko Ruhembe na Mikumi ambao mwaka huu wanafikiri kuitia ardhi yao yote katika miwa, ushauri wetu ni huu: miwa ikipandwa huchipua tena miaka kadhaa, basi si uamuzi wa msimu mmoja. Ingieni katika chama cha wakulima, mwende mikutanoni, mdai mjumbe wenu awepo mzigo unapopimwa. Na eka moja ibaki ya mahindi.